Tumbo la Mama si Shamba la Serikali

Yako maneno mawili yanayotembea mjini na vijijini juu ya jambo la kuzaa, na yote mawili ni ya kumpotosha mwananchi. La kwanza lasema: Maskini akizaa anakosa, amemleta mtoto katika dhiki, na dhiki ile ni kosa la mzazi. La pili lasema: Zaeni, zaeni sana, maana taifa kubwa ni taifa lenye watu wengi, na anayepanga uzazi ni mvivu au kibaraka wa wageni.

Wenye maneno hayo hawapikiki chungu kimoja. Walakini ukiwasikiliza vizuri utaona kwamba ni ndugu wa baba mmoja. Wote wanamtazama mtoto kama tarakimu, na wote wanamtazama mama kama shamba. Yule anataka shamba lisilimwe, huyu anataka lilimwe mpaka lichakae. Hakuna hata mmoja anayemwuliza mwenye tumbo.

Sisi twasema hili ni jambo la haki, na mambo ya haki sharti yasemwe wazi. Basi tuyachukue maneno hayo moja moja, tuyapime.

Neno la kwanza lina mzee wake. Mwaka 1798 padre mmoja wa Kiingereza, Thomas Malthus, alitoa kitabu kusema kwamba watu huongezeka upesi kuliko chakula. Mwaka 1803 alikitoa tena, akaongeza fundisho hili: mtu aliyezaliwa katika dunia iliyokwisha kugawanywa, kama wazazi wake hawawezi kumlisha na wenye mali hawaitaki kazi yake, hana haki ya kudai hata tonge. Katika karamu ya maumbile hakuna nafasi yake, na aondoke. Maneno hayo yalikuwa machungu mno hata mwenyewe akayatoa katika chapa iliyofuata. Maneno aliyatoa, fikira akaiacha. Mwaka 1805 akapewa kazi ya kufundisha katika chuo cha kampuni ya East India, na huko Haileybury ndiko walikofunzwa vijana waliokwenda kuitawala India.

Ndugu wasomaji, liangalieni vizuri neno moja katika hoja ile: dunia iliyokwisha kugawanywa. Nani aliigawanya? Lini? Mtoto aliyezaliwa jana alikuwapo katika ugawaji ule? Malthus hakuuliza. Aliikuta karamu, akawakuta watu wamekaa, wengine na sahani tatu tatu mbele yao, akamtazama aliyesimama mlangoni, akasema huyu ndiye aliyezidi. Sisi kwetu tuna msemo tofauti: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni akifika watu husogea kidogo, chakula hugawanywa upya, na kesho yake mgeni hupewa jembe.

Matunda ya fundisho lile yalionekana Ireland. Mwaka 1845 ugonjwa uliingia katika viazi, na viazi ndivyo vilivyokuwa chakula cha maskini. Katika miaka michache watu wapatao milioni 1 walikufa. Miaka ile ile nafaka na mifugo ilipakiwa melini katika bandari za Ireland kwenda kuuzwa Uingereza, na wako wakubwa London waliosema kwamba taabu hii ni kwa sababu Waairish wamezidi kuzaana. Tunawauliza wenye neno la kwanza: mtoto aliyekufa pale alikosewa na nani? Na mama aliyemzaa, ama na yule aliyepitisha magunia mbele ya mlango wake kwenda bandarini?

Mwaka 1968 neno lilivaa nguo mpya. Mtaalamu wa Marekani, Paul Ehrlich, alitoa kitabu akatangaza kwamba katika miaka ya 1970 mamia ya milioni ya watu watakufa njaa, na hakuna la kufanya. Wakati ule dunia ilikuwa na watu bilioni 3 na nusu. Novemba 2022 Umoja wa Mataifa ulitangaza kwamba wamefika bilioni 8. Njaa zimekuwapo, na nyingi zililetwa na vita na ubaya wa watawala, lakini ile aliyoitabiri haikutokea. Mbegu mpya za ngano na mpunga zilizidisha mavuno Asia, na Norman Borlaug, mtaalamu wa ngano, akapewa tuzo ya Nobel ya amani mwaka 1970. Bwana Ehrlich alihesabu vinywa, akasahau kuhesabu mikono.

Yangebaki vitabuni tusingepoteza karatasi. Hayakubaki. Nchini India, hali ya hatari ilitangazwa Juni 1975. Sanjay Gandhi, mtoto wa Waziri Mkuu, ambaye hakuwa na cheo chochote Serikalini, alishika kampeni ya kufunga watu uzazi. Walimu waliambiwa walete idadi fulani ya watu, la sivyo wakose mshahara. Novemba 1976 polisi walikizingira kijiji cha Uttawar, katika jimbo la Haryana, wakawakusanya wanaume. Katika mwaka mmoja tu, 1976 hadi 1977, watu zaidi ya milioni 8 walifungwa uzazi, wengi wao wanaume. Mnajua ni wanaume gani. Si wenye viwanda, si mawakili, bali mlalahoi asiye na mtu wa kumtetea. Machi 1977 wananchi wakaitwa kupiga kura. Mama na mwana wote wawili wakashindwa.

Uchina mwaka 1980 Serikali iliwataka watu wazae mtoto mmoja tu. Miongoni mwa waliopiga hesabu ya jambo hilo alikuwa Song Jian, mtaalamu wa makombora. Kombora hulipigia hesabu, likaenda. Mwanadamu naye akafanywa hivyo hivyo. Katika mwaka 1983 peke yake watu wapatao milioni 20 walifungwa uzazi. Mwisho wa mwaka 2015 sheria ile iliachwa. Mwaka 2021 wakubwa walisema sasa watoto watatu ruhusa, na mwaka 2022 hesabu ya watu ikaanza kushuka. Mama alikatazwa kuzaa, binti yake anabembelezwa azae. Na Peru, kati ya mwaka 1996 na 2000, chini ya Rais Alberto Fujimori, wanawake wapatao 270,000 walifungwa kizazi, wengi wao maskini wa milimani wasemao Kiquechua, na waganga walipewa idadi za kutimiza kama mnyapara anavyopewa idadi ya vibarua.

Mwenye neno la pili anafurahi sasa. Anasema: Mnaona? Kupanga uzazi ni hila za mabeberu. Ngoja kwanza, bwana. Zamu yako imefika.

Oktoba 1966 Nicolae Ceaușescu, mtawala wa Romania, alitoa amri namba 770. Alitaka taifa kubwa, wafanyakazi wengi, askari wengi. Kutoa mimba kukapigwa marufuku, isipokuwa kwa wachache, kama vile wanawake waliokwisha kuzaa watoto wanne au wenye umri mkubwa. Dawa za kuzuia mimba hazikupatikana. Asiye na mtoto akatozwa kodi. Baadaye wanawake wakawa wanapimwa viwandani kazini kwao ili Serikali ijue nani ana mimba. Mwaka 1967 watoto waliozaliwa walikaribia kuwa mara mbili ya wale wa mwaka 1966. Wakubwa wakapiga makofi.

Kisha bili ikaja. Kwa miaka 23 wanawake waliokuwa hawana njia walikwenda vichochoroni, na wapatao 10,000 wakafa kwa mimba zilizotolewa kwa siri. Romania ikawa nchi ya Ulaya iliyoongoza kwa vifo vya akina mama wazazi. Na watoto wale walioamriwa wazaliwe? Mwaka 1989 utawala ulipoanguka, milango ya nyumba za yatima ilifunguliwa, na humo mlikuwa na watoto wapatao 100,000, wengi wao si yatima hata kidogo. Wazazi wao walikuwa hai, hawakuweza kuwalea. Wako waliofungwa vitandani, wako waliokuwa hawajui kusema kwa kukosa mtu wa kusema nao. Ceaușescu alipigwa risasi tarehe 25 Desemba 1989. Kesho yake tu Serikali mpya ikaifuta amri namba 770. Katika mambo yote ya nchi iliyobomoka, hilo ndilo lililokuwa miongoni mwa ya kwanza.

Haya, mwenye neno la pili, tuambie: taifa lile lilikuwa kubwa?

Wala tusijifanye kwamba neno hili ni la Romania tu. Septemba 2018, huko Meatu mkoani Simiyu, Rais John Magufuli aliwahimiza wananchi waachane na uzazi wa mpango, akasema wanaoutumia ni wavivu wasiotaka kufanya kazi ili walishe watoto wao. Twasema kwa heshima, na twasema wazi, kwamba kauli ile ilikosea. Mwanamke wa Simiyu anayeamka alfajiri kwenda kisimani, akarudi shambani, akarudi jikoni, haitwi mvivu. Na Rais wa kwanza wa nchi hii alikuwa amekwisha kusema jambo bora kuliko hilo. Mwalimu Nyerere, Mei 1969, akiueleza Mpango wa pili wa Miaka Mitano, alisema kwamba nchi ina nafasi ya watu, lakini katika kuzaa mwanadamu na mnyama ni sawa. Kulea ndiko kunakomtenga mwanadamu. Wahenga walimtangulia: Kuzaa si kazi, kazi kulea.

Sasa liko neno la tatu, nalo ni la wasomi. David Benatar wa Chuo Kikuu cha Cape Town alitoa kitabu mwaka 2006 akidai kwamba kuzaliwa ni hasara daima, kwa tajiri na kwa maskini. Hoja yake si ya kipumbavu, basi tuieleze kwa haki. Anasema: Asiyezaliwa haumwi, na hilo ni jema. Asiyezaliwa hapati raha pia, lakini hilo si baya, maana hakuna mtu wa kuikosa. Kwa hiyo kutozaliwa kuna faida bila hasara, na kuzaliwa kuna hasara.

Nusu ya hoja hii ni kweli, nasi twaichukua. Asiyekuwapo hakosi kitu. Hakuna foleni ya watoto huko ng'ambo wanaolia wafunguliwe mlango. Kwa hiyo hakuna mtoto anayetudai azaliwe, na mama aliyezaa wawili akakoma hakumdhulumu mtu yeyote, wala taifa. Nusu hiyo peke yake yatosha kumnyamazisha mwenye neno la pili.

Lakini nusu nyingine haisimami. Kama asiyekuwapo hawezi kukosa raha kwa kuwa hayupo, vipi anapata faida ya kutokuumwa naye hayupo? Mizani ni moja. Huwezi kumpima mtu upande mmoja ukasema yupo, upande wa pili ukasema hayupo. Na jambo la maisha kuwa mema au mabaya, shahidi wake ni anayeishi. Mwulize hamali wa Kariakoo, mwulize mama muuza samaki wa Feri, kama angependa asingalizaliwa. Wengi watakushangaa. Bwana Benatar hujibu kwamba watu hujidanganya, hawajui ubaya wa maisha yao wenyewe. Ndugu, hayo si mageni masikioni mwetu. Mkoloni naye alituambia kwamba hatujui lililo jema kwetu.

Walakini tusije tukamwacha mtu mmoja akatoka nyuma ya nyumba huku sisi tunawapiga wasomi. Mtu huyu ni mwanamume mwenzetu. Anazaa hapa, anazaa pale, halafu anatoweka. Ukimshika anajitetea: Mtoto ananilaumu nini? Nimempa uhai, bila mimi asingalikuwapo. Derek Parfit, mtaalamu wa Oxford, alilichambua fumbo la namna hii katika kitabu chake cha mwaka 1984: binti mdogo akizaa mapema, maisha ya mtoto yakaanza vibaya, mtoto yule atasemaje kwamba amekosewa, maana binti angengoja angalizaliwa mtoto mwingine, si yeye? Wasomi wanaendelea kulifikiri. Lakini kwa baba mtoro jibu letu ni fupi. Hatukulaumu kwa kumpa mtoto uhai. Twakulaumu kwa ulichokizuia baada ya kumpa. Anayemwita mgeni nyumbani, akamfungia nje usiku, hajitetei kwa kusema kwamba bila mwaliko wake mgeni asingalifika. Mwaliko ndio uliozaa deni. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yasema mzazi ana wajibu wa kumlea mtoto wake, na haikuandika kwamba mzazi ni mama tu.

Basi, msimamo wetu ni huu, na kila hatua yafuata ile ya kwanza.

Asiyezaliwa hana deni kwetu wala sisi kwake; kwa hiyo hakuna amri ya kuzaa inayoweza kuwa ya haki. Aliyezaliwa anatudai yote: maziwa, chanjo, shule na jina. Kwa hiyo dhambi ya dhiki haimwangukii yeye kwa kuzaliwa, wala mama yake kwa kuzaa. Inawaangukia walioigawa karamu vibaya. Na kati ya asiyezaliwa na aliyezaliwa amesimama mama, mwenye kubeba, mwenye kuhatarisha roho yake. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Neno la mwisho ni lake, akishauriana na mwenzake wa kulea. Jambo hili lilitamkwa na mataifa huko Tehran mwaka 1968, katika mkutano wa haki za binadamu, kwamba wazazi ndio wenye haki ya kuamua idadi ya watoto na nafasi kati yao. Wazee wetu wa Uluguru mwaka 1955 walikataa kulazimishwa matuta katika mlima wao. Ikiwa mtu ana haki ya kusikilizwa juu ya jembe lake, sembuse mwili wake?

Watakuja wengine waseme: Sawa, lakini watu wataongezeka mno. Sensa ya mwaka 1967 ilihesabu watu milioni 12 hivi, na ya mwaka 2022 ikahesabu milioni 61.7. Ni kweli, na anayetaka kujenga shule sharti azijue hesabu hizo. Lakini dawa inajulikana, wala si kisu wala amri. Agosti 1974, katika mkutano wa dunia uliofanyika Bucharest, waziri wa afya wa India, Karan Singh, alisema kwamba maendeleo ndiyo njia bora ya kupunguza uzazi. Mwaka 1976 waziri huyo huyo alitoa sera iliyosema kwamba maendeleo hayangojeki. Tumekwisha kuona kilichofuata. Na katika nchi hiyo hiyo, jimbo la Kerala halikungoja wala halikulazimisha. Lilisomesha wasichana, likaweka zahanati karibu na watu, likazuia vifo vya watoto wachanga, na ilipofika mwaka 1991 wanawake wake walikuwa wakizaa wastani wa watoto wasiozidi wawili. Mama akiwa na hakika kwamba mtoto wake hatakufa, hazai watano ili abakiwe na wawili.

Hata hapa kwetu dalili ziko. Uchunguzi wa afya wa mwaka 2015 hadi 2016 ulihesabu vifo 556 vya akina mama katika kila vizazi hai 100,000. Ule wa mwaka 2022 ulihesabu 104. Vifo vya watoto wasiotimiza miaka mitano vilishuka kutoka 67 hadi 43 katika kila watoto 1,000. Na wastani wa watoto kwa kila mwanamke ukashuka kutoka 5.2 hadi 4.8, bila polisi kuzingira kijiji. Aibu moja nayo tuliiondoa. Miaka mingi binti aliyepata mimba alifukuzwa shule, na aliyempa mimba mara nyingi akaendelea na shughuli zake. Tulimhubiria binti yule kwamba uhai ni baraka, kisha tukamfungia mlango wa kuulea. Novemba 2021 Serikali ikafungua mlango, na ilifanya vyema.

Tunataka nini basi? Twataka kila zahanati iwe na mkunga, na dawa za kupanga uzazi ziwepo kwa anayezitaka, wala asisukumwe asiyezitaka. Twataka mganga asipewe kamwe idadi ya watu wa kufunga uzazi. Twataka binti aliyezaa arudi darasani pasipo kuzomewa, na baba mtoro atafutwe kama anavyotafutwa mdaiwa wa kodi. Twataka kiongozi anayetaka kusema juu ya wingi wa watu aanze kwa kutuonyesha madawati. Na wewe mwanachama unayesoma haya, katika mkutano wa tawi lako, akisimama mtu kuwalaumu maskini kwa kuzaa, au kuwalaumu wanawake kwa kutokuzaa, usikae kimya. Mwulize amewauliza akina mama wangapi kabla ya kusimama.